Hodi Ukingoni mwa Kindwi

Msinisumbue kuniuliza Zarambe iko wapi. Haimo kwenye ramani mliyofundishiwa shule, na hata ingekuwemo, mimi si mtu wa kuelekeza watu njia. Kazi yangu ilikuwa kuandika yaliyosemwa. Nilikwenda, nikakaa miezi minne, nikarudi. Sasa nimekuwa mzee, meno yamebaki ya kuhesabu, lakini nikifumba macho bado naisikia harufu ya moshi wa mizinga ya Kindwi. Naikumbuka nchi ile kama mtu anavyoikumbuka nyumba aliyopanga ujanani: ilikuwa inavuja, mwenye nyumba alikuwa mkorofi, na bado unaitamani.

Nilikwenda kwa kazi ya ukarani. Zarambe na majirani zake, nchi saba kwa jumla, zilikuwa na chombo chao kiitwacho Baraza la Majirani, na Baraza lilikuwa limepelekewa shauri. Je, Wakindwi, watu wanaoishi na nyuki katika msitu wa Kindwi, watambuliwe kuwa wenyeji wa msitu ule, wenye haki ya kuishi humo, kuzikwa humo, na kuulizwa kabla mti haujaangushwa? Zarambe ilisema jambo hili ni lake la ndani. Wakindwi walisema wamelia ndani miaka yote hawakusikika, ndiyo maana wametoka kwenda kwa majirani. Wajumbe walitaka karani asiye wa nchi yoyote kati ya hizo saba, asiye na ndugu wala shamba huko, wakanipata mimi.

Ili mnielewe, hebu niwaeleze kwanza sheria yao. Watu wa Zarambe wamegawanywa mafungu mawili, wenyeji na wageni. Mwenyeji ni mtu mwenye kizingiti, yaani nyumba ya ukuta yenye mlango ambao mtu mwingine anaweza kusimama mbele yake akabisha hodi. Asiye na kizingiti ni mgeni. Wakindwi hawajengi kuta. Hulala katika vibanda vya matawi, na msimu ukibadilika huviacha wakafuata maua, kwa sababu nyuki hufuata maua nao hufuata nyuki. Basi sheria iliwaandika wote, kuanzia kichanga hadi kikongwe, kuwa Wageni wa Kudumu. Waliokuwamo msituni kabla mtu yeyote hajafyatua tofali walikuwa wageni, na waliokuja na tofali zao ndio waliokuwa wenyeji wao. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani mpiga chapa amekosea, nikaenda hadi ofisini kwake kumwambia. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama kwetu tuna sheria.

Sasa mgeni, kwa adabu za Zarambe, haingii mahali bila kubisha hodi. Ukingoni mwa msitu paliwekwa lango, kando ya lango kibanda cha mabati, na ndani ya kibanda akawekwa ofisa aitwaye Mwitikiaji. Kazi yake ilikuwa neno moja. Mkindwi akitaka kuingia msituni husimama langoni, husema hodi, Mwitikiaji husema karibu, humgonga muhuri mgongoni mwa mkono, mtu huingia. Asipoitikia, hakuna kuingia. Saa za kuitikia zilikuwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, ukiondoa siku za mapumziko. Watalii hawakuhitaji kubisha hodi. Wao walikuwa na tiketi.

Mwitikiaji niliyemkuta aliitwa Bwana Luhende, mtu mpole mwenye shingo fupi na chupa ya dawa ya kikohozi daima mezani. Alinikaribisha vizuri, akanilalamikia kwamba watu wanaidharau kazi yake. Kuna siku, alisema, analisema lile neno mara mia mbili, koo linakauka, na akiomba chai wizara inamjibu kwamba chai ni ya wanaosema sentensi nzima. Nilicheka, naye akacheka. Nilimpenda mtu yule, sitaki kuwadanganya. Ubaya wa Zarambe ni kwamba kila uliyemkuta mezani alikuwa mtu mzuri.

Wiki moja baada ya mimi kufika, Bwana Luhende akapelekwa ng'ambo kwenye semina ya ukarimu. Kabla hajarudi, wizara ikatoa waraka. Kwa kuwa shauri limefika mbele ya Baraza, waraka ulisema, na kwa kuwa Baraza bado halijaamua kama Wakindwi ni watu wa mahali pale au la, mtumishi wa serikali atakayewaitikia atakuwa ameingilia uamuzi. Kibanda kikafungwa kufuli. Waliokuwa ndani ya msitu wakaogopa kutoka, na waliokuwa nje wakabaki nje.

Miongoni mwa waliobaki nje alikuwapo Bi Tabwe.

Alikuwa ametoka msituni siku nne kabla ya kufuli, kwenda mjini kutazamwa mguu. Aliporudi na bandeji yake, lango likawa halina mtu. Akatandika mkeka kando ya kibanda, akakaa. Kila asubuhi, saa mbili kamili, alisimama kwa kushikilia mlingoti wa lango, akasema hodi, akangoja kidogo, akakaa tena. Akarudia adhuhuri. Akarudia kabla ya saa tisa. Mwanawe Sirandu, mama wa makamo, mrefu, mwenye maneno machache, alikuwa amechaguliwa na Wakindwi kuwasemea mbele ya Baraza, naye alilala pale pale na mama yake, chini ya turubai.

Nilikwenda kuwaona kwa ajili ya kuandika majina yao, si kwa wema wowote. Nilipokaribia nikasema shikamoo mama. Bi Tabwe akainua uso, akatabasamu, akasema marahaba mwanangu, karibu. Mara akajiziba mdomo kwa kiganja, akatazama huku na huku. Sirandu naye alitazama barabarani. Ndipo nikajua kwamba kuna kosa katika sheria za Zarambe liitwalo kukaribisha bila kibali, na kwamba mgeni akilitenda anaweza kufungwa mwezi mzima. Nikamwambia sikusikia kitu, masikio yangu mabovu. Akaondoa mkono, akacheka kimyakimya huku mabega yakitikisika, akanipa kipande cha kiazi kikuu kilichochomwa kwenye majivu.

Miezi ile nilikwenda kula pale karibu kila siku. Nyumba ya wageni niliyopewa ilikuwa na mpishi na vitambaa vya meza, lakini mimi nilikwenda kula kiazi kwenye mkeka, na nikikumbuka leo najiona nilikuwa na akili siku zile kuliko baadaye. Bi Tabwe alinifundisha majina ya miti. Kila Mkindwi akizaliwa hupewa mti, kitovu chake huzikwa chini yake, na mzinga wake wa kwanza hutundikwa juu yake siku anapoanza kutembea. Mti huwa na jina. Wake yeye uliitwa Usinichoke. Mtu wao akiona siku zake zimekaribia hupelekwa mtini kwake, akaonja asali ya mzinga wake, hapo tena hana deni na mtu. Akifa hajaonja, walisema, hajamaliza.

Aliniambia yote haya kwa sauti ya kawaida, kama anayenieleza jinsi ya kupika mboga. Sirandu ndiye aliyeniambia lile lililobaki, tukiwa tumekwenda kuchota maji. Daktari alisema si mguu tu.

"Bwana Karani," akaniambia, "mimi nikienda kule barazani sitafuti bendera wala kiti. Natafuta mtu wa kumwitikia mama yangu."

Msiniulize usiku ule nililalaje. Mimi nilikuwa na tiketi. Watumishi wote wa Baraza tulipewa tiketi za kuingia msituni kutembea na kupumzisha akili, na yangu ilikuwa mfukoni tangu siku ya kwanza, imejikunja. Kesho yake nikamwambia Bi Tabwe kwamba nitaingia nimletee asali ya mti wake. Asali huonjwa chini ya mti, si kwenye mkeka, akasema. Lakini pengine mti utamwelewa. Akanieleza: mti wa mkongo, mkubwa, umeegemea jabali, mzinga upo upande wa machweo.

Nikaingia na mwongozaji wa watalii, Mzarambe mwenye kofia na filimbi, aliyekuwa na uhakika wa kila kitu. Alinipeleka moja kwa moja hadi kwenye mkongo mkubwa uliokaribiana na jabali, wenye kibao kilichoandikwa Mti wa Kale. Huo ndio wenyewe, akasema, wote wanauliza huo. Akawasha moshi, akapanda, nikaumwa na nyuki wawili shingoni, nikarudi na kipande cha sega ndani ya jani la mgomba kama mtu aliyeokoa nchi.

Bi Tabwe akachovya kidole, akaonja. Akafumba macho. Akaonja tena. Halafu akanitazama kwa upole ambao sijausahau.

"Hii ya wifi yangu," akasema. "Ina uchungu mwishoni, wa maua ya mshubiri, na mshubiri uko kando ya chemchemi tu. Mti wake uko chemchemini. Wangu uko juu zaidi, mwanangu."

Akafunga lile jani vizuri, akaliweka kando. Kwao mtu hali asali ya mti wa mwingine bila kumwomba radhi, na wifi alikuwa ndani ya msitu, hakuna wa kumpelekea salamu. Nikamwahidi kwamba kesho nitakwenda mwenyewe, bila mwongozaji, nipande juu zaidi. Aliniambia nisijali. Nikamwambia kesho, wallahi.

Kesho yake Baraza likaanza vikao siku tatu kabla ya tarehe iliyopangwa, kwa sababu mjumbe mmoja alikuwa na harusi kwao. Tukafungiwa ukumbini asubuhi hadi jioni.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Kimbwarata, Mzarambe, kwa kuwa kikao kilikuwa nchini kwake. Mtu wa heshima zake, hajawahi kumpandishia mtu sauti, na alipenda taratibu kiasi kwamba angeweza kusimamisha mazishi ya babake kuuliza kama akidi imetimia. Mimi nilikaa chini yake na daftari. Kumbukumbu nilizoandika ndizo zilizopelekwa katika miji mikuu saba, na kisichokuwamo kwenye kumbukumbu, kwa sheria ya Baraza, hakikutokea.

Siku ya kwanza yote iliishia kwenye kiatu. Wakindwi walileta watu wawili kusemea shauri lao, Sirandu na mzee mmoja wa mizinga. Sirandu alivaa ndala. Mjumbe mmoja akasimama, akasema mtu wa asili hasa havai ndala, na huyu mama ana simu pia, ameiona; basi uasili wake umeshapungua na hakuna tena cha kutambua. Mjumbe mwingine akasimama, akamwonyesha yule mzee aliyekuja peku, akasema mtu asiye na viatu hajawa tayari kupewa haki, atazipotezea njiani. Walibishana hadi chakula cha mchana. Baadaye wakapiga kura, ikapita kwa kura tano dhidi ya mbili, kwamba mtu wa Kindwi akiingia barazani avae kiatu kimoja. Yule mzee alijitazama miguu, akasema yeye anarudi kwenye turubai, na hakuja tena. Sirandu akavua ndala ya kushoto, akaishika mkononi.

Siku ya pili mjumbe wa nchi ya milimani alitoa hotuba ndefu. Kwao, alisema, kila mtu ni mwenyeji, na kama kila mtu ni mwenyeji basi hakuna mwenyeji, na kama hakuna mwenyeji hakuna wa kunyimwa kitu. Akapigiwa makofi, nami nikaandika kwenye mabano: makofi. Mwingine akauliza kama kuna ushahidi wowote kwamba watu hawa wanaujua huo msitu kuliko wataalamu wenye kofia na filimbi. Hapo nilisahau kazi yangu. Nikainua mkono, nikaeleza habari ya asali, jinsi Bi Tabwe alivyotambua mti kwa ulimi tu, akiwa nje ya lango. Mheshimiwa Kimbwarata akanisikiliza kwa makini hadi mwisho. Halafu akasema karani si shahidi, na asali ile haina cheti cha maabara, na akaniomba kwa adabu niyafute maneno yangu mwenyewe. Nikayafuta.

Siku ya tatu ilikuwa ya Sirandu. Kila kikao nchini Zarambe hufunguliwa kwa watu kusimama na kusoma kwa pamoja Hati ya Kuwasili. Ni maneno ambayo kila Mzarambe anayajua tangu chekechea, huyasoma mkono ukiwa kifuani, na wengine hutokwa na machozi. Wakasimama, wakasoma: "Tulifika tumechoka, watoto wetu wana njaa. Tukasimama ukingoni mwa msitu, tukabisha hodi. Tukakaribishwa. Tukaingia, tukala asali, tukajenga, na nchi ikawa yetu." Nami kwa siku tatu nilikuwa nimeyasikia na kuyaandika, tena kwa hati nzuri, bila kuwaza chochote.

Sirandu akaitwa. Akaja mbele akichechemea, mguu mmoja na ndala, mwingine bila. Mheshimiwa akamkumbusha sheria: mgeni hatoi ushahidi juu ya nyumba ya mwenyeji wake, maana ni utovu wa adabu. Ila mgeni ana ruhusa ya swali moja. Ruhusa hiyo ni ya zamani sana na Wazarambe wanaionea fahari. Kwa desturi mgeni huitumia kuuliza choo kiko wapi. Wajumbe wawili walikuwa tayari wanakusanya karatasi zao.

Sirandu aliinama, akaiweka ile ndala ya kushoto chini, akaivaa. Akasimama sawasawa kwa miguu yote miwili.

"Mlipobisha hodi," akasema, "aliyewaitikia ni nani?"

Mjumbe wa milimani alikuwa bado mkono uko kifuani, ameusahau pale. Niliona midomo ya Wazarambe wawili watatu ikitembea, wanairudia Hati polepole, wakifika kwenye lile neno, wakirudi nyuma. Umri wao wote walikuwa wamelisoma. Nadhani hakuna aliyewahi kusimama pale.

Mheshimiwa Kimbwarata akakohoa. Akasema swali halikuwa katika ajenda, na kwamba Karani alifute.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipofanya jambo moja la maana katika miaka thelathini ya ukarani. Kanuni za Baraza zina njia mbili za kufuta. Ya kwanza ni karani kutoandika, basi, limekwisha. Ya pili huitwa kufuta rasmi. Kilichofutwa rasmi huandikwa katika daftari lake, na daftari hilo husomwa kwa sauti kila kikao kinapofunguliwa, katika miji mikuu yote saba, ili kila mtu ajue ni maneno gani hayamo kwenye kumbukumbu. Kanuni ile ilitungwa na watu wanaopenda taratibu kuliko wanavyojipenda wenyewe. Ilikuwa haijatumika miaka mingi kwa sababu ya uzito wake.

Nikasimama, nikainama kidogo. "Mheshimiwa," nikamuuliza, "lifutwe hivi hivi, au lifutwe rasmi?"

Macho yake yaling'aa. Masikini, alikuwa na fahari. "Rasmi, Karani," akasema. "Rasmi kabisa."

Nisijisifu sana. Sikuwa shujaa; nilikuwa na hasira ya kile kiatu. Lakini nililiandika swali lile katika daftari la yaliyofutwa kwa mwandiko mkubwa, nikapiga mihuri saba, mmoja kwa kila nchi.

Baraza likaahirisha shauri hadi muda utakapopatikana. Kikao kilipofungwa, sisi watumishi wa nje tulipewa hadi kesho adhuhuri kuondoka, na tiketi zetu za msituni zikakusanywa mlangoni na mtu mwenye kikapu. Yangu niliishika kidogo kabla ya kuiachia. Nilikwenda langoni kuaga. Bi Tabwe alikuwa amelala ubavu, amekonda, lakini aliponiona aliamka akakaa. Nikamwambia kwamba sikwenda. Kwamba nilimwahidi nami sikwenda. Akanishika mkono, akaukagua mgongoni, mahali wao hugongwa muhuri, akaona hapana alama.

"Wewe hukuwahi kusimama hapa, mwanangu," akasema. "Usilie. Nenda nyumbani."

Saa ikafika, akashikilia mlingoti, akasimama, akasema hodi. Ndiyo sauti ya mwisho niliyoisikia nikiondoka, na sikugeuka.

Ikapita miaka kumi na mmoja. Nilirudi kwangu, nikaandika kumbukumbu za vyama vya ushirika na za timu za mpira, nikastaafu. Lakini habari zilinifikia kupitia makarani wenzangu. Kila kikao kilipofunguliwa, katika miji saba, mtu alisimama akasoma kwamba swali lifuatalo halikuulizwa: mlipobisha hodi, aliyewaitikia ni nani? Mwaka wa kwanza watu walicheka. Mwaka wa tatu magazeti yakaanza kuliandika kama swali la wiki. Mwaka wa tano, Siku ya Kuwasili, darasa zima la shule moja ya Zarambe lilifika kwenye neno tukakaribishwa, likanyamaza, likamtazama mwalimu. Mwalimu hakuwa na jibu, akaandika barua wizarani. Wizara haikuwa na jibu, ikaandika barazani. Wakajaribu kulifuta swali lile lililokwisha kufutwa, na ikagundulika kwamba kanuni hairuhusu kufuta mara mbili. Mwaka wa kumi na moja, nchi ya milimani ilisema imechoka, ikainua mkono, nyingine zikafuata. Zarambe ikainua wa mwisho. Wakindwi wakatambuliwa, kwa maandishi, mbele ya nchi zote saba, kwamba wao ndio walioitikia.

Nikapata barua ya mistari mitatu kutoka kwa Sirandu. Ilitaja siku ya mimi kwenda langoni. Haikumtaja mama yake, nikaelewa.

Nilimkuta langoni, nywele zimeingia mvi. Kibanda cha mabati kilikuwa kimeondolewa. Mahali mkeka ulipokuwa palikuwa na kaburi dogo lililopangiwa mawe, hatua nne kutoka kwenye msitu. Bi Tabwe alikufa mwaka wa pili, akiwa bado anasimama mara tatu kwa siku. Siku ya mwisho, Sirandu aliniambia, alisimamishwa na watu wawili. Kuzikwa ndani hakukuwezekana. Nilisimama pale na kofia mkononi, na sina aibu kusema kwamba nililia, ingawa alinikataza.

Wakuu walikuwa wamekuja kwa msafara. Bendera saba, bendi, Mheshimiwa Kimbwarata mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu. Kwa sheria mpya, walitakiwa kusimama ukingoni na kubisha hodi, na wasiingie hadi Mkindwi awaitikie. Wakajipanga. Sirandu hakuwatazama. Alipiga magoti kaburini, akachota udongo kwa viganja viwili, akautia kwenye kibuyu. Akaniita kwa kichwa. Tulipofika ukingoni akavuka yeye kwanza, akageuka, akaniambia karibu, kwa sauti ya mama yake, ila hakuziba mdomo.

Tulipanda juu zaidi, tukaipita chemchemi na mti wa wifi, na kile kibao bado kipo. Usinichoke ulikuwa mkongo wa kawaida tu, umeegemea jabali, hakuna mtalii ambaye angeupiga picha. Sirandu alifukua kidogo kwenye mizizi, akauweka ule udongo, akaufunika. Akapanda na moshi, akashuka na sega. Tone la kwanza alilidondosha pale alipofunika. La pili alinipa mimi, akaniambia nionje nijue ni hii.

Nikaonja. Wallahi sikuona tofauti yoyote na ile ya kwanza. Nilimwambia ukweli huo, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa analijua jibu.

Huko chini, mbali, tukawasikia wakuu wakibisha hodi kwa pamoja. Wakangoja. Wakabisha tena, safari hii bila bendi. Nilimuuliza kama atawaacha. Kwa upande wangu ningewaacha hadi mvua iwanyeshee, na nilimwambia hivyo. Sirandu alijifuta asali mikononi kwa majani, akaokota kibuyu.

"Ngoja nikawaitikie," akasema. "Mimi najua kusimama pale kulivyo."